Mlo wa Jamaa Si Tamasha

Katika lugha ya Wajapani liko neno yakiniku. Yaki maana yake ni kuchoma, na niku ni nyama. Kijana wa Kenya hahitaji mkalimani wa kumfasiria neno hili, kwa kuwa analo la kwake tangu utotoni: nyama choma. Lakini kwa Wajapani neno hilo halitaji chakula peke yake. Hutaja pia namna ya kula yenye meza yake, jiko lake na adabu yake. Na jamaa wengi wa nchi ile wakitaka kufurahi pamoja jioni moja, huwachukua wazee na watoto wakaenda katika mkahawa wa yakiniku. Juu ya mlo huo, ewe msomaji, nina neno la kukuambia, na neno lenyewe lina ugomvi ndani yake.

Nasema hivi: mlo wa jamaa si tamasha. Chakula ambacho kila mtu wa nyumba amekitia mkono wake ni bora kuliko chakula ambacho wote wamekaa kukitazama kikipikwa na mtu baki, hata kama huyo mtu ni fundi kupita mafundi. Najua kwamba wengi hawakubali. Nitayaeleza kwanza mambo yalivyo, kisha nitazipima hoja zao moja moja mbele yako, nawe uwe mwamuzi.

Huko Japani iko mikahawa ya namna mbili ambayo nyama huchomwa mbele ya macho ya mlaji. Kwa mtu apitaye njiani namna hizi hufanana, kwa sababu zote zina moto na harufu tamu. Kwa mtu aketiye mezani zimetengana kama mcheza ngoma na mtazama ngoma.

Namna ya kwanza ndiyo yakiniku. Katikati ya meza pana jiko la makaa au la gesi, na juu yake wavu wa chuma. Moshi hufyonzwa na bomba lililoning'inia juu ya meza au lililofichwa kandokando ya jiko, ili watu wasilie machozi kabla ya kula. Mhudumu huleta vitambaa vibichi vya kupangusia mikono, kisha huleta nyama mbichi katika sahani: ulimi wa ng'ombe uliokatwa vipande vyembamba, nyama ya mbavu, maini na matumbo, pamoja na kabichi, vitunguu, maboga na uyoga. Huleta wali katika bakuli, na vibakuli vya mchuzi wa soya ulioungwa kwa sukari, kitunguu saumu na ufuta. Akisha kuyaweka hayo huenda zake. Hapiki. Tangu hapo kazi ni ya wenye meza, nao hushika koleo wakaanza kuchoma.

Namna ya pili huitwa teppanyaki. Teppan ni bamba la chuma, na bamba hilo pana huwa ndilo jiko. Walaji hulizunguka upande mmoja, na mpishi husimama upande wa pili akiwa na visu na miko yake. Yeye ndiye hukata, hugeuza, hukoleza chumvi na kugawa. Katika mikahawa mingi ya namna hii, hasa iliyo nje ya Japani, mpishi hakomi hapo. Hurusha mkia wa kamba wa baharini ukatua ndani ya kofia yake. Hupanga pete za kitunguu kama mlima wa volkano akauwasha moto kileleni. Hugonganisha vyombo kwa mdundo kama mpiga matari. Watoto hupiga makofi, wazazi hupiga picha, na jamaa yote huwa hadhira.

Namna hizi mbili zilikua katika zama moja, baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945. Husemwa kwamba teppanyaki ilianza mwaka huo huo katika mkahawa wa Misono, mjini Kobe, na kwamba askari wa Marekani waliokuwa wakiitawala Japani wakati ule walivutiwa sana na kumtazama mpishi kazini. Mwaka 1964 Hiroaki Aoki, kijana mpiga mieleka aliyepata kuuza aiskrimu katika mtaa wa Harlem, alifungua mkahawa wa Benihana mjini New York. Hapo ndipo kisu na kofia vilipogeuka kuwa mchezo, na mchezo ukawa biashara iliyoenea dunia.

Yakiniku ilipita njia nyingine. Japani iliitawala Korea tangu mwaka 1910 hata mwaka 1945, na Wakorea wengi waliishi Japani wakifanya kazi ngumu za migodini, viwandani na za ujenzi. Vita vilipokwisha, baadhi ya waliobaki walifungua vibanda vidogo wakachoma nyama na matumbo, vitu ambavyo Wajapani wengi hawakuvijali. Hata leo mtaa wa Tsuruhashi, mjini Osaka, una mikahawa mingi ya namna hiyo, iliyosongamana karibu na kituo cha gari la moshi. Chakula cha watu waliodharauliwa kimekuwa furaha ya taifa zima, hata tarehe 29 Agosti huitwa siku ya yakiniku, kwa kuwa tarakimu 8, 2 na 9 zaweza kusomwa ya, ni na ku.

Sasa tazama yanayotendeka katika meza hiyo. Kabla ya kula, watu hufumbata viganja pamoja wakasema itadakimasu, maana yake, napokea kwa unyenyekevu. Baada ya hapo moto huanza kufundisha. Ulimi mwembamba huiva upesi. Mwenye koleo akigeuza uso umeungua. Nyama ya mbavu ina mafuta mengi. Ikidondosha katika makaa ndimi za moto huruka, na huna budi kuisogeza pembeni. Boga hutaka muda mrefu, basi sharti litangulie. Mtoto wa miaka kumi hujifunza kwa macho yake kupambanua kibichi na kilichoiva, chenye haraka na chenye subira. Hujifunza pia kwamba kipande kilichoiva kwanza si chake. Hukiweka katika sahani ya bibi yake. Wala hakipokezi kutoka vijiti vyake vya kulia hadi vijiti vya bibi, kwa maana Wajapani hufanya hivyo tu katika maziko, wanapohamisha mifupa ya marehemu aliyechomwa. Katika kipande kimoja cha nyama yamo mafunzo ya moto, ya heshima na ya mauti.

Tena liko jambo ambalo watu hulisahau. Katika wavu mdogo nyama haiivi yote mara moja. Huiva vipande vitano au sita, vikaliwa, kisha watu hungoja. Kungoja huku ndiyo johari ya mlo wote. Mikono imetulia, macho yote yako katika moto mmoja, na hapana aliye na la kufanya ila kusema au kusikiliza. Hapo ndipo baba huuliza habari za shule. Hapo ndipo mtoto aliyenyamaza juma zima hufungua kinywa. Mpishi wa teppanyaki hulijaza pengo hilo kwa visu vyake, na analipwa kulijaza. Nyumba inayonunua kelele za kujaza ukimya wake huuza pia maneno ambayo yangalizaliwa katika ukimya huo.

Wa kwanza kunipinga ni yule asemaye: "Ustadi wa mpishi ni sanaa. Je, wataka tuidharau sanaa?" La, siidharau. Mtu awezaye kupasua yai kwa ncha ya mwiko wala asimwage ute ameumiza mkono wake miaka mingi, naye anastahili ujira na sifa. Tena wako mafundi wa teppanyaki, huko Kobe na kwingineko, wasiorusha kitu chochote hewani, ambao hupika kwa utulivu kama msomaji wa kitabu. Lakini kila sanaa ina uwanja wake. Jioni ambazo jamaa wote wako pamoja ni chache kuliko tunavyodhani: mmoja yuko bweni, mwingine ana zamu ya usiku, mwingine amesafiri. Ukiipata jioni moja katika mwezi, ukaitumia yote kumtazama mtu usiyemjua, utarudi nyumbani na habari za kofia yake, wala hutarudi na habari za ndugu yako. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Neno jema lililosemwa na mama mezani hukaa moyoni miaka arobaini.

Wa pili huja na hoja nzito zaidi. Husema: "Mama amepika siku zote saba. Mbona tumpeleke mkahawani, tutoe fedha, kisha akapike tena? Heri apikiwe na mpishi." Hoja hii ina huruma ndani yake, kwa hiyo naijibu kwa heshima. Ni kweli mama amechoka. Lakini amechoshwa na nani? Amechoshwa na sisi tunaokula bila kushika mwiko. Kumkodishia mpishi kwa saa mbili hakuiondoi dhuluma hiyo. Huifunika tu, na kesho yake mama huamka akaikuta palepale jikoni. Katika meza ya yakiniku dawa ni nyingine. Nyama imekwisha kukatwa, mboga zimekwisha kuoshwa, vyombo vitaoshwa na wengine. Imebaki kazi ya koleo peke yake, nayo yaweza kufanywa na baba, na kijana wa kiume, na binti mdogo. Mama na akae aletewe. Ipi heshima kubwa zaidi, kuhudumiwa na mtu aliyelipwa, au kuhudumiwa na mtoto uliyemzaa? Na yule kijana aliyejua jana kwamba kazi ya moto ni ya wanawake, leo amejua kwamba ana mikono.

Wa tatu hutisha. Husema: "Watoto wataungua, na nyama isiyoiva itawadhuru." Hatari hii si ya kubuniwa. Mwaka 2011 watu 5 walikufa nchini Japani baada ya kula nyama mbichi ya ng'ombe katika mikahawa ya yakiniku, na wengine wengi waliugua. Na mwaka 2012 serikali ilipiga marufuku kuuza maini mabichi ya ng'ombe ya kuliwa bila kupikwa. Lakini angalia vizuri: nyama iliyowadhuru watu wale ni ile ambayo haikupitishwa motoni kamwe. Moto haukuwa adui. Moto ndio uliokosekana. Kanuni ya meza ni rahisi. Koleo ni ya nyama mbichi, na vijiti ni vya nyama iliyoiva. Kimoja kisifanye kazi ya mwenzake. Mtoto anayefundishwa hilo akiwa na miaka kumi ana kinga atakayoichukua maisha yake yote. Mtoto anayekatazwa kuukaribia moto hapati kinga. Hupata ujinga uliovikwa vazi la usalama. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wa nne ni mcheshi. Hunikumbusha kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na kwamba koleo nne juu ya wavu mmoja ni vita. Wajapani wenyewe wanalijua jambo hili. Bugyo alikuwa hakimu mwenye amri katika zama za watawala wao wa kale, na leo mtu anayejitwalia amri yote ya chungu cha mezani humwita kwa mzaha bugyo wa chungu. Naye yupo bugyo wa wavu: hakuna agusaye kipande bila ruhusa yake, hupanga nyama kama askari gwarideni, na kila aliyegeuza mapema huhukumiwa. Mara nyingi huyo ni baba wa nyumba. Mara nyingine ni kaka mkubwa. Basi je, tumwondoe bugyo kwa kumleta mpishi wa kulipwa? Huko ni kuuondoa udhalimu mdogo kwa kuondoa uhuru wote. Dawa ya nahodha mbaya si kuwageuza mabaharia wote kuwa abiria. Dawa ni zamu. Koleo na izunguke meza kama inavyozunguka kahawa barazani: huyu achome ulimi, yule achome mbavu, mdogo kabisa apewe mahindi na maboga. Jamaa wasioweza kugawana koleo moja kwa saa moja na nusu, watagawanaje urithi?

Kuna watu wengine sina subira nao sana. Hao huketi penye moto mmoja, lakini kila mmoja ana simu yake mkononi. Nyama huungua, mtu hajui. Bibi huuliza, hajibiwi. Tena siku hizi liko jambo jipya. Mwaka 2018 ulifunguliwa mjini Tokyo mkahawa wa yakiniku ambao kila mlaji huwa na jiko lake dogo, ili mtu aingie peke yake, achome chake, ale chake, aondoke. Elewa vizuri nisemacho. Simlaumu mtu aishiye peke yake kwa kula peke yake. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020, nyumba 38 katika kila 100 nchini Japani zilikuwa na mtu mmoja tu, na tumbo la mpweke lina haki yake kama matumbo mengine. Namlaumu mtu aliye na jamaa, ambaye ameketi katikati yao, naye amejijengea jiko la peke yake ndani ya moyo.

Wajapani wamepata neno la kuitaja hasara hii. Kula kwa upweke, hasa kwa mtoto ambaye wakubwa wake hawapo mezani, hukuita koshoku. Na kula pamoja hukuita kyoshoku. Hayakubaki maneno matupu. Mwaka 2005 bunge lao lilipitisha sheria ya elimu ya chakula, na katika mipango iliyofuata serikali iliwahimiza watu kula na jamaa zao. Mwaka 2012, katika mtaa wa Ota, Tokyo, mwenye duka la mboga alianza kuwaandalia watoto chakula cha jioni ili wasile peke yao. Kazi hiyo ikaigwa, na kufikia mwaka 2024 mahali pa namna hiyo palikuwa pamepita 10,000 nchini kote. Fikiri, msomaji. Nchi yenye mali, yenye magari ya moshi yanayopaa kama mshale na maduka yaliyojaa vyakula, imegundua kwamba mtoto aweza kuwa na sahani iliyojaa na bado akawa na njaa ya watu. Taifa zima limeona haja ya kujenga meza za jamii kwa ajili ya watoto waliokosa meza ya nyumbani. Nawe unayo meza ya nyumbani. Je, utaigeuza kuwa ukumbi wa kutazamia?

Wajapani hawangojei mkahawa peke yake kuwafundisha watoto. Iko sheria ya chakula cha shule tangu mwaka 1954, na katika shule nyingi za msingi wanafunzi wenyewe huvaa mavazi meupe, hubeba vyungu hadi darasani, huwapakulia wenzao, na baada ya kula husafisha. Mtoto aliyempakulia mwenzake supu mchana haoni ajabu kumwekea bibi yake nyama usiku. Mkono uliozoea kutoa hauulizi mahali ulipo.

Wa mwisho kunipinga ni yule anayekunja uso na kusema: "Hayo ni mambo ya Wajapani. Sisi tuna yetu." Namwuliza, ni kipi katika meza ile kilicho cha Wajapani peke yao? Mwaka 675 mfalme wao Tenmu alikataza kula nyama ya ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku katika miezi ya kilimo, na kwa karne nyingi watu wengi wa nchi ile hawakuizoea nyama ya ng'ombe. Ilikuwa mwaka 1872 ndipo ilipotangazwa kwamba mfalme Meiji amekula nyama. Kuchoma juu ya wavu kwa desturi ya yakiniku walikupokea kwa Wakorea. Ikiwa wao hawakuona haya kujifunza kwa watu waliokuwa wakiwadharau, sisi tutaona haya gani kujifunza kwao? Wangari Maathai, Mkenya aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, hakuona haya. Alipofika Japani mwaka 2005 alilisikia neno mottainai, neno la kusikitikia kitu chenye thamani kinapopotezwa bure, akalichukua akalitangaza duniani kana kwamba ni la mama yake. Nami nalitumia neno hilo hapa. Jioni ya jamaa iliyopotezwa kwa kumtazama mtu baki, au kwa kutazama simu, ni mottainai.

Tena tusijisifu upesi kwa yetu. Ni kweli pwani watu huzunguka sinia moja ya pilau, na bara watu huzunguka ugali mmoja. Hayo ni mema, nasi tuyashike. Lakini tazama nyama choma yetu ilivyo katika mikahawa mingi. Mtu huchagua kipande, hupimiwa kwa kilo, kisha kipande huchukuliwa na mchomaji aliye nyuma, karibu na moshi. Jamaa hungoja. Nyama huletwa juu ya ubao, ikakatwakatwa, ikawekwa pamoja na kachumbari na chumvi. Mchomaji wetu harushi kofia, lakini jambo ni moja: moto uko kwa mwingine, na watoto wameketi mikono mitupu wakiuliza chakula kitaletwa lini. Nyumbani nako, siku ya sikukuu, jiko la makaa hushikwa na wanaume wawili watatu walio nje, mboga na ugali hushikwa na wanawake walio ndani, na vijana huitwa chakula kikiwa tayari. Jamaa moja imekuwa vyama vitatu, navyo vitakutana kwa dakika ishirini za kutafuna.

Wala hoja yangu haihitaji fedha. Yamkini hutaketi kamwe katika mkahawa wa Kijapani, na huna hasara. Liko jiko la makaa, uko wavu wa chuma, vipo viazi vitamu na mahindi na nyama kidogo ya kukatwa vyembamba. Nyama ikikatwa vyembamba, kilo moja hutosha watu wengi, kwa sababu huliwa polepole, na utamu wake hauko katika wingi. Weka jiko mahali penye hewa ya kutosha, watu walizunguke, na koleo ipite mikononi. Kanuni nazo ni chache: mzee atangulie kula, aliye mdogo afundishwe wala asifukuzwe, mwenye koleo asile kabla hajawapa wengine, na simu zilale chumbani.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ikiwa mgeni hupewa jembe siku ya tatu, wewe uliyekaa katika nyumba ile miaka kumi na tano unangoja nini? Anayekula kila siku bila kushika chochote ni mgeni, ingawa amezaliwa hapo. Basi usiku huu, kabla hujaitwa chakulani, inuka uende penye moto, mwombe aliyeshika koleo akupe zamu yako, na kipande cha kwanza kitakachoiva usikile. Mpe aliyechoka kuliko wote.